Nilitumwa Kuuliza Kama Wanawataka Mbwa Mwitu

Tangu nirudi Mwanza, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lile lile: "Zawadi, tumesikia umekimbizana na mbwa mwitu huko Mara. Ni kweli?" Nimesimulia sokoni, nimesimulia kwaya, na dada yangu nimemsimulia kwenye simu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mtandao ulikatika simulizi ilipofika Mugumu. Nimechoka. Naandika mara moja, kila mtu asome, halafu mniache. Majina ya watu wa Kisaka nimeyabadilisha na kitongoji sikitaji. Mkifika sehemu hiyo ya hadithi mtaelewa kwa nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika moja linalonipa vibarua vya kuhoji watu lilitaka kujua wananchi wa Tarime na Serengeti wanasemaje kuhusu mbwa mwitu. Hao ni mbwa wa porini wanaowinda kwa makundi. Zamani walikuwepo, wakapungua mpaka vijana wakawa hawawajui, na sasa wamekuwa wakiletwa upya na kufunguliwa ili wazaliane. Nilipewa dodoso zenye maswali kumi na mawili, picha ya mnyama mwenyewe, na siku tisa. Niwahoji wawindaji, wafugaji na watu wa mjini. Rahisi kabisa, aliniambia msimamizi wangu, ambaye hakwenda.

Mwanza hadi Tarime

Basi lilipaswa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa mbili kasoro, kisha likasimama Lamadi watu wanunue samaki. Tulipokaribia Bunda, mzee mmoja wa viti vya nyuma akapiga kelele kwamba mkewe hayumo.

"Kwa nini hukusema mapema?" konda akamfokea.

"Mapema nilikuwa nimelala."

Basi zima likageuza. Tukamkuta yule mama Lamadi amekalia ndoo yake ya samaki kando ya barabara, ametulia kama mtu aliyekuwa na miadi na sisi. Akapanda bila kutuangalia, akamwambia mumewe neno moja kwa lugha yao, na mzee hakusinzia tena mpaka Tarime.

Kando yangu alikaa mfanyabiashara wa mitumba wa Sirari. Nilipofungua faili kupoteza muda, akaiona picha. Sasa hiyo picha. Ofisini waliichapa kwa mashine iliyoishiwa wino wa rangi, kisha wakatoa kopi, kisha kopi ya kopi. Kilichobaki ni kitu cheusi chenye miguu minne.

"Hii ni nini, sista? Ni fisi ama?"

"Mbwa mwitu."

Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Na mnataka watu waikubali? Hii picha peke yake itafanya mtu akatae."

Nikamnyang'anya picha yangu. Tulifika Tarime saa kumi jioni, nikiwa nanuka sangara ambao sikuwanunua.

Nkende

Mkalimani wangu aliishi Nkende, pale pale Tarime mjini. Aliitwa Mwalimu Marwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye suruali iliyonyooshwa mstari ukasimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikagua viatu, akasema, "Hivyo havitafika Kisaka." Vilifika, ila nakiri kwamba havikurudi.

Mkewe alituandalia ugali wa mtama na nyama ya mbuzi kwenye mchuzi wa kijani. Nilidhani ni mchicha. Nikachota kijiko kizima. Uchungu uliopanda kichwani sijawahi kuupata hata kwenye mwarobaini. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Hicho ni kichuri, binti. Ni majimaji ya tumbo la mbuzi, yanapikwa pamoja na nyama. Mgeni akimaliza bakuli, tunajua atakaa." Nilimaliza bakuli kwa sababu ya kiburi tu. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote za safari, kwa hiyo siwezi kukisema vibaya.

Kesho yake tukaanza. Mtu wa kwanza alikuwa fundi pikipiki jirani na kwa Mwalimu. Nikamsomea swali la kwanza kama lilivyoandikwa: "Je, unaunga mkono kurejeshwa kwa mbwa mwitu?"

Akaweka spana chini. "Mama, wale vijana walisumbua watu kwa mapanga kule Dar mpaka wakakamatwa. Leo serikali inataka kuwarejesha? Na waletwe huku kwetu?"

Alidhani nazungumzia kile kikundi cha wahuni waliojiita mbwa mwitu. Nikaeleza kwamba hapana, ni mnyama. Nikatoa picha. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Huyu ni mbwa wa jirani yangu."

Hilo lingekuwa dogo kama mkalimani wangu angekuwa anatafsiri. Mwalimu Marwa alikuwa anasahihisha. Bibi mmoja muuza ndizi aliongea Kikurya kwa muda mrefu, mikono ikienda huku na huku, na nilipouliza amesemaje, Mwalimu akajibu, "Amekosea. Ngoja nimrudie." Akamrudia. Bibi akakasirika. Mwalimu akapandisha sauti. Watu wakajaa.

"Mwalimu, nataka jibu lake, hata kama amekosea."

"Sasa utaandika jibu la makosa?"

"Hakuna jibu la makosa!"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyefeli mtihani mwepesi. Miaka thelathini na tano ya kupiga tiki na mkasi haiondoki kwa maelekezo ya asubuhi moja niliyompa. Siku ile nilipata dodoso nne kati ya kumi na tano nilizotakiwa.

Nyakunguru

Nyakunguru ni kijiji kilicho karibu na mgodi mkubwa wa dhahabu, na watu wengi ni wachimbaji wadogo waliotoka mikoa mingine. Nilifikiri pale angalau Kiswahili kitatosha na Mwalimu atapumzika. Tulishuka kwenye gari saa nne asubuhi. Nikatoa faili, nikatoa kalamu. Sijui habari zinasafirije. Ilipofika saa nne na nusu mbele yangu kulikuwa na mstari.

Sikuupanga mimi. Watu walijipanga wenyewe, wengine wakiwa na vitambulisho mkononi, mama mmoja akiwa na picha ya nyumba yake. Wa kwanza alikuwa mchimbaji kutoka Singida, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Akataja jina lake, la baba yake, na idadi ya vyumba.

"Sijaja kuandikisha nyumba za fidia ya mgodi, kaka. Nimekuja kuuliza kuhusu mbwa mwitu."

"Sawa. Andika vyumba vitatu na choo."

"Hakuna anayehamishwa! Ni utafiti wa wanyama!"

Akanikaribia, akapunguza sauti. "Dada, nimeishi migodini miaka mingi. Mtu anayekuja na faili huwa hasemi alichokuja kufanya. Wewe andika tu. Kuhusu hao mbwa nitajibu chochote unachotaka."

Na kweli, walinijibu chochote nilichotaka. Wote thelathini na moja waliunga mkono mbwa mwitu kwa asilimia mia, kila mmoja akimalizia kwa kutaja vyumba vyake. Mwalimu Marwa alisimama pembeni mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza akasema jambo tulilokubaliana: "Karatasi hizi zote ni za kuwashia moto." Nilizifunga kwa mpira, nikaandika juu yake "hazifai." Tulipoondoka, yule mama mwenye picha ya nyumba alitembea nasi hadi barabarani. Alitaka kujua kama amekosea mahali fulani kwenye majibu. Nilimwambia hajakosea. Hakuniamini.

Mugumu

Mvua ilitukamata kwenye bodaboda kabla hatujaingia Mugumu. Begi langu, ambalo muuzaji alikuwa ameniapia kwamba halipitishi maji, lilipitisha. Dodoso zote zilizobaki zikalowa chapachapa. Nyumba ya wageni haikuwa na umeme, na ofisini Mwanza walinishauri kwa simu nichape nyingine, kana kwamba nipo mtaa wa pili.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani wa Kiislamu mwenye kibanda mkabala na nyumba ya wageni, Mzee Idi. Babu yake alikuja kutoka pwani kushona kanzu na hakurudi. Aliponiona nimeanika karatasi kwenye kamba kama nguo za mtoto, akaniita, akatia mkaa kwenye pasi yake, akatandika kitambaa, akaanza kunipigia pasi dodoso moja moja. Alifanya hivyo mchana mzima. Kila aliponyoosha moja, alisoma maswali kwa sauti.

"'Je, unaunga mkono kurejeshwa.' Kwani hawajaletwa bado?"

"Wameletwa, mzee. Wako huko porini."

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

Akaweka pasi pembeni. "Na watu wa huko vijijini wakikujibu kwamba hawawataki, watakamatwa warudishwe kwenye gari?"

Nilikuwa nimefundishwa semina nzima namna ya kuuliza, na hakuna aliyekuwa ametuambia majibu yanaenda wapi. Mzee Idi hakunisubiri. Akachukua pasi, akaendelea. "Mimi mteja nampima kabla ya kukata kitambaa," alisema. Hakutaka malipo, ila alitaka nimwahidi kwamba nikipita tena nitamwambia watu wa vijijini wamesema nini. Karatasi zilinuka moshi mpaka mwisho wa safari, lakini ziliandikika.

Kisaka

Kisaka tulikaa siku tatu. Ni kata ya wakulima na wafugaji, watu wanaongea Kingoreme, ambacho kinaelewana na Kikurya cha Mwalimu Marwa, ingawa walimcheka matamshi. Alivumilia kuchekwa kwa saa moja, kisha akaanza kuwasahihisha lugha yao wenyewe.

Huku hakuna aliyeuliza mbwa mwitu ni nini. Picha yangu nyeusi hata sikuitoa. Kila nyumba tuliyoingia walituambia habari moja: kundi lilipita mwezi uliotangulia, likavamia mbuzi wa mama mmoja mjane aitwaye Nyangi, mchana kweupe, wakiwa malishoni, likaua saba.

Siku ya pili tulipelekwa kwa mwindaji. Sikutegemea angekubali, maana kuwinda huko ni kosa na mtu wa faili anaogopwa kuliko chui. Lakini Mzee Wambura alishafungwa, akamaliza kifungo chake, na sasa alikuwa anafuga kuku. Mwili mdogo, mkavu, miguu ya mtu aliyetembea sana. Nilimsomea kwanza ile karatasi ya ahadi: jina lako halitatajwa, utakachosema hakitapelekwa kwa yeyote, hutashitakiwa kwa ajili yake. Mwalimu akatafsiri neno kwa neno, safari hii bila kuongeza chake. Wambura akasikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe.

Nikamuuliza kama anawataka mbwa mwitu.

"Nawajua tangu nikiwa kijana," alisema. Kiswahili chake kilikuwa polepole na kizuri. "Tulikuwa tukiwaona kule mbugani tunapokwenda kutafuta nyama. Wanakimbiza swala, huyu akichoka yule anapokea. Wakiua, wanaacha watoto wale kwanza. Sisi wenyewe tulikuwa tukiwaangalia tunasema, hawa wana adabu."

"Kwa hiyo unawapenda?"

"Subiri. Mimi nilikamatwa nikiwa na nyumbu mmoja. Mmoja. Nikapakiwa kwenye gari, nikafungiwa. Nilipotoka nikasikia mbwa mwitu naye amepakiwa kwenye gari, akaja kufunguliwa. Anaua nyumbu, anaua swala, na sasa anaua mbuzi wa Nyangi. Hakuna aliyemfunga." Akafukuza kuku aliyekuwa mlangoni. "Simchukii yeye. Yeye hajui. Lakini ukiniuliza kama nataka, nashindwa nikujibu nini mimi."

Nikaandika yote, nikijaza hadi nyuma ya karatasi. Nilikuwa naanza kufurahi, kwa mara ya kwanza tangu Lamadi, kwamba nimepata mahojiano ya maana. Nikafunga kalamu. Ndipo akasema, kama mtu anayeaga tu:

"Mkiondoka msikatishe kule korongoni. Kuna mbuzi amelazwa pale, ana sumu. Na mimi sijasema."

Hakuhitaji kuongeza mbuzi ni wa nani.

Ugomvi wetu

Tulipofika nyuma ya shule Mwalimu akatoa simu. Askari mmoja wa wanyamapori aliwahi kuwa mwanafunzi wake, darasa la nne. Mtandao haukuwepo, kwa hiyo akapanda juu ya jiwe kubwa na kuinyanyua simu kichwani.

"Shuka, Mwalimu."

"Binti, sumu ni sumu. Sheria ni sheria."

"Umemtafsiria yule mzee kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hakuna atakayeshitakiwa! Wakija leo watamkamata nani? Watakamata mjane, na watauliza nani kasema."

"Na mbwa wale wakila? Na watoto wa shule hawa, wanaokatisha pale kila siku? Mmoja akimgusa yule mbuzi?"

Nilikasirika na yeye kwa sababu alikuwa na haki, nikakasirika na ofisi kwa kunipa karatasi ya ahadi bila kunipa cha kufanya ahadi ikibana, nikakasirika na Wambura kwa kuniambia. Mwalimu akabaki juu ya jiwe, mkono hewani, akisubiri mstari mmoja wa mtandao. Nikamwambia anipe mpaka saa tisa. Nitakwenda kwa mwenye mbuzi mwenyewe.

Alishuka. Sijui kama ni kwa heshima yangu au kwa sababu mtandao haukutokea.

Kwa mama Nyangi

Alikuwa barazani anapukuchua mahindi, mama wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani, bega moja juu kuliko jingine. Nilimwamkia. Akaitikia, akanisogezea mahindi na beseni. "Kaa. Pukuchua." Nikapukuchua. Mwalimu naye akapewa beseni.

Nilianza kwa kuzunguka. Nikasema nimesikia habari ya mbuzi wake, pole sana. Nikasema nimesikia pia kuna nyama mahali fulani.

"Nani kakuambia?"

"Siwezi kusema, mama."

"Basi na mimi siwezi kusema iko wapi."

Tukapukuchua. Kidole gumba kiliniuma, na saa ilikuwa inakwenda. Mwishowe akaongea mwenyewe, bila kunitazama. Siku mbuzi walipouawa alipeleka taarifa ofisi ya wanyamapori. Wakaja watu wawili na gari, wakampiga picha amesimama karibu na mabaki, wakamwambia ainue kichwa cha mbuzi mmoja kionekane vizuri, wakamwambia asubiri. Alisubiri. Alikwenda kuuliza mara tatu, mara ya tatu mlinzi akamwambia anayehusika yuko safari. Siku moja kabla hatujafika kwake, alfajiri, mbuzi wa nane akakutwa ameng'atwa, bado anahema. Akamchinja kumpunguzia mateso. Hakumla.

"Sasa wewe," akasema, na safari hii aliniangalia. "Unauliza watu wote. Wewe unawataka?"

Katika safari nzima hakuna aliyeniuliza hivyo. "Sijui, mama. Sijawahi kumwona hata mmoja."

Akaacha kupukuchua. "Hujamwona?"

"Nina picha."

Nikamwonyesha. Nyangi aliitazama ile picha nyeusi, akamwonyesha Mwalimu kana kwamba Mwalimu hakuwahi kuiona, akacheka kicheko kikavu. "Wamekutuma uje kutuuliza juu ya kitu ambacho hujakiona." Akasimama, akakung'uta kanga. "Twende ukamwone. Kama wamekula, watakuwa pale. Kama hawajala, utaona mbuzi wangu."

Njiani tukamwona Mzee Wambura anakuja nyuma yetu, jembe begani na sepetu mkononi. Nyangi akasimama.

"Kumbe ni wewe uliyesema."

"Ni mimi," alisema Wambura. "Watoto wanakatisha pale."

Nyangi akaendelea kutembea, mbele yetu sote, haraka.

Korongoni

Tulisikia kabla ya kuona. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kuitana, kama wa ndege mkubwa aliyepotea. Wambura akatuzuia kwa mkono.

Chini ya korongo, hatua chache kutoka kwa mbuzi, mmoja alikuwa amelala ubavu, amekufa. Watatu walikuwa wamesimama naye. Nilikuwa nimebeba picha yao siku saba na kumbe sikujua kitu. Wana rangi: nyeusi, nyeupe na manjano kama majani makavu, imemwagwa ovyo, kila mmoja na mabaka yake. Masikio makubwa ya mviringo. Wembamba kuliko nilivyodhani. Mmoja alikuwa anamsukuma aliyekufa kwa pua, anarudi nyuma, anamwita, anamsukuma tena.

"Wanamngoja aamke," Wambura alisema kwa sauti ya chini.

Mwingine, mdogo kidogo, akamwacha mwenzake akaenda kumnusa mbuzi.

Hapo ndipo Nyangi alipopiga kelele. Sikumwelewa, ilikuwa Kingoreme, lakini alikuwa ameshaanza kushuka korongo, amekunja kanga, anaokota madongo na kuyarusha. "Tokeni!" akaingiza Kiswahili, labda kwa sababu walikuja na gari la serikali. "Tokeni hapo, wapumbavu nyie! Tokeni!"

Mdogo akaruka pembeni. Hakukimbia. Akasimama hatua kumi, akamtazama, masikio mbele. Nyangi akamkimbilia. Akasogea hatua kumi nyingine, akazunguka, akarudi upande wa pili kwa mbuzi. Nikashuka na mimi, nikapoteza kiatu kimoja kwenye matope, nikaokota jiwe. Wambura akampa Mwalimu jembe na sepetu, akashuka. Mimi na Nyangi upande huu, Wambura upande ule, tunapiga makofi na kupiga kelele, na wale watatu wanatuzunguka kama wanaocheza nasi, hawaogopi vya kutosha, kila tukifukuza huyu yule anapenya.

"Chimba, Mwalimu!" nilipiga kelele. "Unangoja nini?"

Mwalimu Marwa alichimba. Kwa suruali ile ya mstari, akipumua kama ng'ombe wa jembe, alichimba huku akitusahihisha tunavyosimama. "Wewe binti, ziba kule! Kule!" Ilichukua saa moja na zaidi. Nyangi sauti ilimkauka akabaki anarusha madongo tu na kulia. Sijui kama yeye mwenyewe alijua analia, maana hakujifuta.

Tulimfukia mbuzi, tukamfukia na yule mbwa, tukapanga mawe juu. Wale watatu walikuwa wamepanda ukingo wa pili, wamekaa. Wakatuangalia mpaka mwisho, kisha mmoja akainuka, wakaondoka wote kwa mwendo wa kukimbia taratibu.

Nyangi alikaa juu ya jiwe. "Nilidhani watakula, wakafie mbali huko," alisema. Baada ya muda akaongeza, kwa ukali, akininyooshea kidole: "Siwataki. Usije ukaandika kwamba nawataka."

"Sitaandika."

"Waliowaleta waje wawachunge."

"Hilo nitaandika."

Akatikisa kichwa kukubali. Tuliporudi nyumbani kwake alitupa maji na sabuni, akatulazimisha kunawa mara mbili, akatupa maziwa ya mgando kwenye vibuyu. Wambura alikunywa yake amesimama. Yeye na Nyangi hawakusemezana, ila kibuyu alichopewa kilikuwa kikubwa kuliko changu. Mwalimu Marwa hakupiga simu. Saa tisa ilipita tukiwa bado pale na hakuna aliyeitaja.

Kurudi, na baada ya kurudi

Safari ya kurudi sitawachosha nayo. Nilipita kwa Mzee Idi kama nilivyoahidi, nikamwambia watu wamesema nini, akasikiliza akishona. Basi la kwenda Mwanza liliharibika mara moja tu. Msimamizi alinipokea kwa kuuliza kwa nini dodoso zinanuka moshi, kwa nini za Nyakunguru nimezikataa, na kwa nini ya mjane wa Kisaka nimeandika nyuma ya karatasi badala ya kujaza mbele. Nilimwambia mbele hapakuenea. Kuhusu korongo sikumwambia.

Kabla ya kuondoka Kisaka nilikuwa nimemwachia Nyangi namba yangu, na nilikuwa nimempa pia namba ya ofisi inayopokea taarifa za mifugo kuuawa, mpya, niliyoitafuta mwenyewe. Nilimwambia safari hii watapokea. Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa.

Leo asubuhi simu yangu imeita. Nyangi.

"Wamerudi," alisema. "Wamechukua mbuzi mmoja."

"Pole, mama. Umepiga ile namba?"

"Tangu jana. Hawapokei. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Nikashindwa kujizuia. "Mama, umeweka nyama?"



"Ningekuwa nimeweka," alisema, "ningekupigia?"

Nilimwambia anipe mpaka jioni. Akasema sawa, mpaka jioni, akakata. Tangu hapo napiga ile namba. Nimepiga saa tatu, nimepiga saa nne, nimepiga nikiwa napika, na kati ya aya moja na nyingine ya maandishi haya nimepiga tena. Sasa ni saa tisa na robo. Inaita tu.